Kifaru wa Uani na Mgongo wa Baba

Asubuhi za likizo nyumbani kwa akina Kinanda zilikuwa na utaratibu wake. Mama, ambaye alikuwa dereva wa gari la mikate, aliondoka kabla jua halijachomoza, amevaa shati lake la kazi la rangi ya chungwa. Kinanda aliamka baadaye, akawasha jiko, akachemsha chai na kufagia uwanja, na muda wote huo alikuwa akipiga mluzi. Alipiga mluzi akiosha vikombe, alipiga akianika nguo, na siku moja alijaribu kupiga akisukutua, maji yote yakamwishia kifuani. Ndiyo maana baba yake alimpa jina la Kinanda tangu akiwa mdogo. Jina lilimganda hivi kwamba hata mwalimu wake wa darasa la sita ilibidi atazame rejista kulikumbuka lile la kweli.

Chai ilipokuwa tayari alimpelekea Baba, kisha akamsimamia afanye mazoezi yake: kulala chali, kukunja goti moja, kuhesabu polepole, kulinyoosha, kukunja jingine. Baba alikuwa hajaenda kazini kwa muda mrefu. Alikuwa fundi wa magari, hodari wa kazi na mbishi wa kupokea msaada. Siku moja kule gereji aliona uvivu kumsubiri mwenzake aliyekwenda kununua maji, akaamua kuinua giaboksi peke yake. Giaboksi iliinuka sawasawa. Baba mwenyewe ndiye hakuinuka tena, mpaka wenzake walipombeba juujuu kama godoro.

Daktari wa viungo pale zahanati, mama mmoja mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache, alimweleza kwamba ameumia kwenye uti wa mgongo. Hataki kumwona akibeba kitu kizito kuliko birika la chai. Asichuchumae, asiingie uvunguni mwa gari lolote, na afanye mazoezi kila siku. Mama alisikiliza yote hayo, na walipofika nyumbani alimwita Kinanda pembeni.

"Mimi nashinda barabarani," Mama alisema. "Baba yako namjua, hawezi kukaa akatulia. Wewe ndiye askari wa mgongo wake. Sawa?"

"Sawa, Mama," Kinanda alijibu, akajiona mkubwa ghafla.

Sasa, nyuma ya nyumba, chini ya turubai lililopauka, alikaa Kifaru. Kifaru lilikuwa gari la zamani la kupanda milima, lenye uso mpana, taa mbili za mviringo na bodi ya bati nene. Babu mzaa baba alikuwa akiliendesha enzi zake, akipeleka miche ya miti kwenye vijiji visivyofikika kwa gari la kawaida. Alipofariki, gari likawa la Baba. Baba aliapa kulifufua. Aliapa mwaka ule, akaapa na uliofuata, lakini magari ya wateja hayakumpa nafasi ya kuligusa la kwake. Kuku waliatamia kwenye kiti cha nyuma mpaka wakakiona mali yao. Mama alimwita Kifaru mke mwenzake, na alikuwa akisema hajawahi kuona mke anayekaa kwa watu miaka yote hiyo bila kuosha hata kijiko.

Mgonjwa aliyelazwa karibu na kishawishi namna ile, mnafikiri angefanya nini? Mara ya kwanza Baba alikwenda kumtazama tu. Mara ya pili alifunua turubai, "apate hewa." Mara ya tatu alifungua boneti, akasema kutazama hakuumizi mgongo. Baada ya hapo akamwita Kinanda alete sanduku la spana.

Na kwa kweli mwanzoni hawakuvunja amri. Baba alikaa kwenye kigoda akisema, Kinanda akifanya. Alifundishwa kufungua plagi na kuzisugua kwa msasa mpaka zing'ae. Alifundishwa kuosha kabureta kwa petroli kidogo, mbali na jiko, na kupanga nati kwenye makopo ili kila moja ijue kwao. Baba alikuwa na hadithi kwa kila kifaa. Alizopenda zaidi zilikuwa za wateja waongo.

"Mtu anamwaga dizeli kwenye gari la petroli," Baba alieleza, "halafu anakuja kwangu anasema, 'Fundi, limezima tu lenyewe!' Mimi nafungua huku, nafungua kule, nabadilisha vitu vizima. Mteja akinificha alichokifanya, nitatengeneza pasipoharibika."

Kinanda alicheka mpaka spana ikamponyoka. Zamani Baba alirudi kutoka gereji amechoka, anakula, anasinzia kitini. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani, Kinanda alikuwa na baba wa mchana. Alimpenda mno baba huyo. Alitamani likizo isiishe, na kuna siku alijikuta akitamani hata mgongo usipone haraka, akaona aibu kwa wazo hilo.

Shida ilianza walipofika kwenye magurudumu. Nati zilikuwa zimekula kutu. Kinanda alining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote na nati haikusogea hata kidogo.

"Hebu pisha," Baba alisema, akainuka.

"Baba, daktari alisema..."

"Daktari alisema nisibebe mizigo. Nati ni mzigo?"

Nati haikuwa mzigo. Lakini gurudumu lililotoka baada ya nati lilikuwa mzigo, na Baba alilibeba. Kesho yake alibeba jingine. Kinanda alisimama pale, askari wa mgongo, akatazama, akanyamaza. Alijiambia kwamba mtu mzima anajua mwili wake. Pia alijua kwamba akimwambia Mama, turubai litarudishwa na baba wa mchana atarudi kulala chumbani.

Basi wakapatana. Mchana, Mama alipokaribia kurudi, Kinanda angekaa na kazi yake mahali ambapo aliweza kuona njia. Akiona shati la rangi ya chungwa, apige mluzi. Baba aache kila kitu, akajilaze kwenye mkeka katika baraza ya nyuma, hatua chache tu kutoka kwa Kifaru.

"Mluzi ndio mzuri," Baba alisema, akifurahia ujanja wake. "Mama yako amezoea kukusikia, hatashuku. Ila kuanzia sasa usipige ovyo. Ukipiga, najua ni yeye."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Kinanda alipiga mluzi, Baba akakimbilia mkeka, na Mama alipoingia alimkuta mgonjwa amelala na uso wa huruma kabisa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Tunashukuru Mungu, Mama Kinanda. Najikongoja."

"Na hiyo grisi sikioni?"

Baba alishika sikio. "Ah, hii? Kinanda huyu! Alikuwa ananinong'oneza na mikono yake michafu."

Mama alicheka. Kisha alitoa kwenye mkoba skonzi ya moto aliyoihifadhi kwa ajili ya Kinanda. "Mshahara wa askari," alisema. Kinanda aliipokea, akaenda nayo nyuma ya nyumba, na ile skonzi ambayo siku zote huimaliza kwa kufumba na kufumbua ilimshinda. Akaishia kuwapa kuku.

Walipokwenda zahanati, daktari wa viungo alimgeuza Baba huku na huku, akamwinua mguu mmoja mmoja, akakunja uso.

"Unafanya mazoezi?"

"Kila siku, daktari. Muulize binti yangu."

"Ni kweli, anafanya," Kinanda alisema. Na ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

"Mbona sioni nafuu?" daktari alijiuliza, akatikisa kichwa.

Yaliyofuata yalitokea siku yenye jua zuri. Kinanda alikuwa ameketi pembeni ya nyumba, anasugua kutu kwenye rimu kwa msasa. Kutu ilikuwa ikitoka vizuri, chuma kinaonekana cheupe chini yake, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Nyuma yake Baba alikuwa amepiga magoti, amelikumbatia gurudumu zima, tairi na rimu yake, analipandisha mahali pake. Mkono wa Kinanda ulikwenda na kurudi, ukashika mwendo, na bila yeye kujua, midomo yake ikajikusanya. Akapiga mluzi.

Alipiga wimbo wake aupendao, kwa sauti kabisa, huku njia ikiwa tupu.

Baba hakuuliza. Aliachia gurudumu, akajipindua na kuruka kuelekea barazani, yote kwa pamoja. Kinanda alisikia kishindo cha gurudumu, halafu akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa baba yake. Alipogeuka alimwona amelala kifudifudi, nusu ya mwili juu ya mkeka na nusu mavumbini, vidole vimeshika ukingo wa baraza.

"Baba!"

"Usiniguse," Baba alisema kwa shida. "Usiniguse kwanza. Mama yako yuko wapi?"

"Hayupo, Baba. Hakuna mtu. Nilijisahau. Nilikuwa napiga tu."

Baba alifumba macho. Baada ya muda, huku jasho likimtiririka, alianza kucheka, lakini kicheko kilimuuma akakiacha. Kinanda alikimbia kwa jirani yao fundi seremala. Seremala na mwanafunzi wake wa kazi walimlaza Baba juu ya ubao wa mlango aliokuwa akiuranda, wakamwingiza ndani. Kabla Mama hajafika, Baba alimshika Kinanda mkono.

"Niliinama kuokota kandambili," alisema. "Umesikia? Kandambili. Tusimwongezee mama yako mawazo."

Mama alipofika akaambiwa habari ya kandambili. Alimtazama Kinanda. Kinanda alitazama miguu yake. Jioni ile hakuna aliyesikia mluzi katika nyumba hiyo, na Mama alidhani mtoto ana hofu tu.

Asubuhi seremala aliwatafutia gari, wakampeleka Baba zahanati. Daktari alimgusa nyayo kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

Baba alijaribu kuchezesha vidole. "Hapo sisikii," alisema mwishowe.

"Hebu niambie tena ulikuwa unafanya nini."

"Niliinama kuokota kandambili," Baba alisema, macho yakiwa darini.

"Kandambili tu?"

"Kandambili tu, daktari."

Daktari aliketi, akavuta karatasi. Alisema polepole, akimtazama zaidi Mama. "Mtu amepumzika muda wote huu. Mazoezi anafanya. Halafu anainama kuokota kandambili, na mguu unakufa ganzi. Basi mgongo huu umeharibika kuliko nilivyodhani, na mazoezi hayausaidii. Namwandikia aende hospitali kubwa akaonwe na wapasuaji. Huenda wakalazimika kuufungua."

"Kuufungua?" Mama alirudia. Mkono wake ulitafuta ukingo wa kitanda, akaketi. "Na kazi yake?"

"Gereji aisahau kwa sasa. Tuombe kwanza atembee vizuri."

Kinanda alikuwa amesimama karibu na mlango. Alimwona daktari anaandika. Mkononi mwa mama yake aliona leso inakunjwa, inakunjuliwa, inakunjwa tena. Na kichwani mwake ilijirudia sauti ya Baba mwenyewe pale kwenye kigoda, akicheka: mteja akinificha alichokifanya, nitatengeneza pasipoharibika. Daktari alikuwa karibu kutengeneza pasipoharibika. Na pale palikuwa ni mgongo wa baba yake, si gari la mtu.

Alimtazama Baba. Baba alimtazama pia, akatikisa kichwa kidogo sana, kidogo kiasi kwamba ni Kinanda peke yake aliyeona. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na alijua kwamba akifungua mdomo huenda baba wa mchana asimsemeshe tena.

"Si kandambili," alisema.

Kalamu ya daktari ilisimama.

"Kinanda," Baba aliita kwa sauti ya chini.

"Mwache aseme," Mama alisema.

"Ilikuwa gurudumu." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, lakini maneno nayo yalikuwa yameshapata njia. "La Kifaru. Gari la Babu. Baba amekuwa akibeba magurudumu, na springi, na mimi ndiye nilikuwa nalinda Mama asione. Nikipiga mluzi anakimbia kulala. Jana nikapiga kwa kujisahau, akaruka. Ni mimi niliyemwumiza. Nilitakiwa nilinde mgongo wake, nikawa nalinda njia."

Daktari aliweka kalamu chini na kumgeukia Baba.

"Ni kweli haya?"

Baba alipangusa uso kwa kiganja. "Ni kweli, daktari," alisema. "Yote."

"Tangu lini?"

Baba akaeleza, na safari hii hakuacha kitu. Daktari alimpima upya kuanzia shingoni hadi kidoleni, akamwuliza maswali ambayo hakuwa ameyauliza. Mwishowe akaikunja ile barua ya wapasuaji na kuiweka kwenye droo.

"Hiyo ni habari nyingine kabisa," alisema. "Mgongo uliokuwa unapona ukibebeshwa magurudumu kila siku, kisha ukarushwa barazani, utakosa kulalamika? Nataka mapumziko ya kweli sasa, na dawa, na nikuone mara kwa mara. Ganzi ikipanda, au ukishindwa kusimama, utakwenda hospitali kubwa siku hiyohiyo. Na ukija hapa tena na hadithi ya kandambili, nitakupiga nayo."

Kisha akamwita Kinanda, akamfuta machozi kwa pamba, akamwambia jambo moja tu. "Umenisaidia kufanya kazi yangu. Asante."

Nyumbani, Baba aligeuza uso kuelekea ukutani mara alipolazwa. Mama alikwenda nyuma ya nyumba, akamfunika Kifaru kwa turubai, akamfunga kamba kwa yale mafundo ya madereva ambayo hayafunguki kwa kucha. Kinanda alimfuata, akasimama mbali kidogo.

"Nilikupa uaskari," Mama alisema bila kugeuka, "ukaenda kuwa mshirika wa mwizi."

"Nisamehe, Mama."

"Kwa nini lakini? Wewe si mtoto wa uongo."

Kinanda alifikiri. "Nilikuwa napenda kukaa naye," alisema. "Akiwa na Kifaru anacheka. Niliogopa nikisema, atarudi kulala."

Mama aliachia kamba. Akaketi juu ya tairi lililokuwa limelala chini, akampisha mtoto wake nafasi pembeni. "Hata mimi napenda kukaa naye," alisema. "Ndiyo maana nataka akae nasi miaka mingi, tena kwa miguu yake." Wakakaa pale wote wawili, kuku wakiwazunguka, mpaka sauti ya Baba iliposikika kutoka dirishani.

"Kinanda! Njoo hapa, mwanangu."

Kinanda aliingia akiwa na mashaka. Baba alikuwa bado amelala chali, lakini uso ulikuwa umegeuka kutoka ukutani.

"Nimekukasirikia njia nzima," Baba alisema. "Nilipofika hapa nikajiuliza, nimekasirika kwa sababu ya uongo wake au kwa sababu ya ukweli wake? Nikakosa la kujitetea. Mimi ndiye mtu mzima. Nilikupa kazi ambayo mzazi hampi mtoto. Nisamehe."

Kinanda alishika kidole gumba cha mguu wa Baba uliokufa ganzi, akakibinya.

"Unasikia?"

"Kama mbali hivi," Baba alisema. "Lakini nasikia."

Mapumziko ya safari hii yalikuwa ya kweli, na hayakuwa rahisi. Baba alikuwa na siku za kununa na siku za kuimba. Shule zilifunguliwa, Kinanda alimsimamia mazoezi kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Ganzi ilishuka taratibu, ikaacha goti, ikaacha kifundo, ikabaki kwenye vidole viwili vidogo. Daktari alipomwona anatembea kwa visigino kutoka ukuta hadi ukuta, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Daktari," Mama alisema, "akikaa kitini na kutumia mdomo tu, akiwa haoni spana karibu, kuna ubaya?"

Baba alimtazama mkewe kama aliyesikia vibaya.

"Mdomo hauna pingili za uti wa mgongo," daktari alijibu. "Mwacheni autumie."

Jumamosi iliyofuata Mama mwenyewe alifungua mafundo yake. "Huyu mke mwenzangu sasa inabidi aamke," alisema. "Nimechoka kumwona amelala." Seremala alileta kiti chenye egemeo refu lililonyooka, kisha akabaki, maana alitaka kuona mwisho wa hadithi hii. Yeye na mwanafunzi wake wakawa mikono ya mizigo, Mama akawa wa nyaya na betri, Kinanda akawa wa kila kitu kilichohitaji vidole vyembamba. Baba alikaa kitini, akieleza. Lakini mikono yake haikuelewa kwamba imestaafu. Akisema "zungusha kushoto," nayo ilizunguka kushoto hewani. Akisema "vuta," ilivuta. Majirani waliopita nje walidhani kuna kwaya inafundishwa.

Kuna Jumamosi Kinanda alikaza boliti ya kabureta kwa hamu kupita kiasi. Akasikia imelegea ghafla, akajua ameuharibu uzi wake, ile mistari inayoishika. Hakuna aliyeona. Angeweza kuipaka grisi na kuendelea. Alisimama na spana mkononi.

"Baba, nimeua uzi wa boliti."

"Ipi?"

"Hii ya kabureta."

"Vizuri umesema mapema," Baba alisema, wala hakupandisha sauti. "Tungekuja kutafuta ubovu injini nzima. Iko nyingine kwenye kopo la bluu."

Kazi ilikwenda hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka Kifaru akavaa magurudumu yake yote, akapakwa rangi ya kijani, na kuku wakahamishwa kwa ugomvi mkubwa. Daktari alikuwa amemruhusu Baba kutembea na kupanda gari kwa uangalifu, lakini kubeba na kusukuma bado ilikuwa marufuku. Siku ya kumwasha, Mama alikaa kwenye usukani. Aligeuza ufunguo. Kifaru alikoroma, akakohoa, akanyamaza. Akageuza tena, akakoroma kwa kifupi zaidi. Betri ilikuwa imechoka.

"Tumsukume," seremala alisema. "Akifika mteremko wa geti, atawaka."

Seremala alishika upande mmoja, mwanafunzi wake upande wa pili, Kinanda akakaa katikati. Wakasukuma. Kifaru alisogea kidogo, akarudi palepale. Bati lile la zamani halikuwa mchezo. Wakasukuma tena, miguu ikateleza, Kifaru akayumba, akabaki ukingoni kabisa mwa mteremko. Ilikuwa inahitajika nguvu ya mtu mmoja tu wa kuongeza. Mtu mmoja tu, na kila aliyekuwa pale alijua ni nani aliyekuwa amekaa bila kazi.

Kinanda aligeuza shingo. Baba alikuwa ameshasimama. Mabega yake mapana yalikuwa yameinama mbele, mikono imefunguka, na macho yake hayakuona kitu kingine chochote isipokuwa nyuma ya Kifaru. Alipiga hatua. Kinanda alitaka kupiga kelele, lakini Baba alimtangulia.

"Mama Kinanda!" alisema kwa sauti kubwa. "Nakwambieni mapema kabla sijafanya ujinga. Natamani kumsukuma huyu mpaka nalia. Nishikeni!"

Mama aliangua kicheko hadi honi ikajilia kwa kiwiko chake. Kinanda alikimbia, akamshika baba yake mkono kwa mikono yake yote miwili. Mkono ule bado ulikuwa unavuta kuelekea kwa Kifaru. Baba alitazama getini, na kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake yote ya ufundi. Aliita watu.

"Jamani, mnaopita hapo! Samahanini. Mimi ni mgonjwa, siwezi kusukuma. Naomba mnisaidie."

Waliingia mpiga pasi wa jirani, mwuza mboga aliyetua kapu lake, na vijana wawili waliokuwa hawana haraka. Wakaweka mikono pamoja na seremala. Kifaru akasogea, akaanguka kwenye mteremko, Mama akaachia klachi, na mngurumo mzito ukajaa uani. Moshi mweusi ulitoka, kisha wa kijivu, kisha injini ikatulia na kuunguruma vizuri. Watu walishangilia. Mwuza mboga alipiga vigelegele kama aliyeozesha binti.

Baba hakushangilia mara moja. Alikuwa anasikiliza injini, na macho yalikuwa yamemlowa. Aliinamisha kichwa kidogo, bila kuinamisha mgongo, karibu na sikio la Kinanda.

"Siku ile zahanati ulidhani umenisaliti," alisema. "Ungenyamaza, leo pengine ningekuwa na kovu mgongoni na mguu wa kuburuta, na bado ningeona wewe ndiye unayenipenda kwa sababu ulinifichia. Nimejifunza ukubwani, wewe jifunze sasa. Ukimpenda mtu, usimsaidie kujiumiza. Sema, hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni baba yako. Na ukishindwa na jambo, ita watu. Hupungui kitu."

"Ndiyo, Baba."

Mama alikuwa amefungua mlango wa abiria na kungoja, injini ikiunguruma. Ngazi ya Kifaru ilikuwa juu. Baba alisimama mbele yake, akaipima kwa macho, akampima na mwanawe. Zamani angeiruka bila kufikiri.

"Kinanda," alisema, akamnyoshea mkono, "nisaidie kupanda."